Waliihamisha Alhamisi

Mume wangu Zein alizikwa Jumatatu, na kabla ya jua la Alhamisi kutua walikuwa wameshaitoa Alhamisi nyumbani kwangu.

Sikuulizwa. Nilikuwa juu chumbani na nguo zangu za eda, nimekaa juu ya godoro navuta tasbihi, nikasikia ukumbini miguu ya wanaume na vitu vikigongana. Nilidhani ni mikeka ya matanga inarudishwa kwa wenyewe. Kisha vikalia vile vibati vya pembeni mwa tari, na sauti hiyo naijua hata usingizini.

"Hind," nikamwita binti yangu. "Ni nini hicho chini?"

Hind akapanda, amejifunga leso kiunoni, macho yamevimba kwa kulia. "Ni Sheikhan na wenzake, mama. Wamekuja kuchukua matari, na chetezo, na ile mirashi. Maulidi yatasomwa kwake mpaka umalize eda."

"Nani amesema?"

"Wamesema wao. Sheikhan yuwasema ni kwa heshima yako. Haifai wanaume kujaa nyumba ya mwenye eda."

"Nawe ukawapa."

"Wameomba kwa adabu, mama. Ningesemaje?"

Sikumgombeza. Alikuwa amefiwa na babake, na adabu ndiyo tuliyomlea nayo. Lakini nilihisi kitu kimenikaa hapa kifuani, kigumu kama kokwa la ukwaju, na hadi leo hakijatoka.

Nyumba yetu iko mtaa wa Kuze, ya mawe, kwenye kona ya vichochoro viwili. Juu tulilala sisi. Chini ni ukumbi mrefu wenye mlango wake wa njiani, na humo kila Alhamisi baada ya sala ya Isha, usiku wa kuamkia Ijumaa, wanaume wa mtaa walikuja kusoma maulidi. Zein ndiye aliyekuwa msomaji. Alikaa chini ya dirisha, mgongo ukutani, wenzake safu mbili mbele yake, matari magotini. Akisoma, wao wakiitikia. Akimaliza mlango mmoja wa maulidi, matari yakipigwa na kasida ikishika njia yake. Ikifika kiyamu wakisimama wote, ubani ukipita kati yao ndani ya chetezo, marashi yakinyunyizwa viganjani kwa mirashi. Kisha dua, kahawa, kipande cha haluwa, kila mtu kwake.

Mimi sikukaa nao wala sikuwahi kutaka. Mahali pangu palikuwa kwenye ngazi, nyuma ya pazia, juu ya kipago kile kilicholika katikati. Tangu wiki ya kwanza ya ndoa yangu nilikaa pale kila Alhamisi. Nilikaa pale na mimba, nikakaa pale namnyonyesha Hind. Wanaume wana msikiti wao. Mimi nilikuwa na ngazi, na kwenye ngazi ile nimemswalia Mtume mara nyingi kuliko mahali pengine popote.

Zein alipokuwa hajiwezi tulilishusha godoro lake ukumbini asikose. Alhamisi yake ya mwisho Sheikhan ndiye aliyesoma badala yake. Sheikhan ana duka la leso, ana sauti nzuri, na kusoma kote alifunzwa na Zein tangu hajui kukaza kilemba. Watu walipotoka, Zein alimshika mkono akamwambia, "Sheikhan, Alhamisi isitoke nyumba hii." Na Sheikhan akajibu, "Inshallah, mwalimu." Nilikuwa nyuma ya pazia. Nilisikia yote mawili.

Sasa mtu huyo ndiye aliyekuja kunihifadhia heshima yangu.

Mimi skuli niliishia darasa la saba, na chuoni nilihitimu msahafu, basi. Lakini eda naijua. Mjane hatoki ila kwa dharura, hajipambi, haonani na wanaume wasiokuwa maharimu zake. Hakuna palipoandikwa kwamba chini ya chumba chake pasisomwe maulidi. Wanaume wale wameingia kwa mlango wao miaka yote na hakuna aliyewahi kuona hata ukucha wangu. Eda ilikuwa yangu mimi. Haikuwa ya ukumbi.

Nikamtuma Hind akamwambie hivyo. Akarudi na majibu yaliyokunjwa vizuri kama nguo ya Idi.

"Amesema, mwambie mama asijisumbue. Huu si wakati wake wa kufikiria mambo. Yeye apumzike, sisi twamhifadhi."

"Apumzike," nikasema.

"Ndivyo alivyosema."

"Haya. Nitapumzika."

Alhamisi ile ya kwanza nilikaa kwenye ngazi yangu kama kawaida. Ukumbi ulikuwa mtupu, mikeka imekunjwa. Paka alipita akanitazama akaenda zake. Kisha kutoka kichochoro cha pili, sauti ya Sheikhan ikaja juu ya mapaa. Alikuwa ametundika spika mbili darini kwake, juu ya paa tambarare la nyumba.

Aliyekuwa akiniletea habari ni Mejumaa, jirani yangu wa mlango kwa mlango, mwanamke mkubwa kuliko mimi, mwenye ulimi usiopoa. Nyumba yake ina dirisha linaloangalia dari ya Sheikhan, na hilo dirisha hakulifunga kipindi chote cha eda yangu.

"Leo wamepika biriani," akanijia siku moja, anapepea na upindo wa buibui lake. "Watu wala kwanza, wafuta mikono, ndipo wamswalia Mtume. Wengine wafuta mikono waenda zao."

"Wanasoma milango mingapi?"

"Mitatu, yenye haraka. Halafu kinanda."

"Kinanda gani?"

"Cha umeme, Tumu. Ameletewa kutoka Dubai. Chapiga ngoma chenyewe, hakihitaji mtu. Vijana wamejaa, kuna mwengine yuwashika kamera ya video begani, awamulika wazee usoni na taa. Mzee wa watu yuwasoma dua, afumba mato."

Alinifanyia alivyofumba macho yule mzee, nami ningecheka kama si ile hasira.

Sisemi kwamba watu hawakupenda. Walipenda. Alhamisi za kwetu walikuja wale wale, na Sheikhan aliwapata wale na wengine wa Kibokoni, na vijana ambao hawajawahi kumaliza mlango mmoja. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Ningekuwa nimeibiwa na mtu anayechukiwa, mtaa wote ungesema pamoja nami. Niliibiwa na mtu anayepigiwa makofi, na kila aliyekuja kunipa pole aliniambia, "Alhamdulillahi, Sheikhan ameyainua maulidi ya marehemu." Nami nilikuwa na eda, nikiangalia midomo yao, nikisema, "Alhamdulillahi."

Kulikuwa na mmoja tu aliyenitumia neno jingine. Ni Charo. Charo ni mtu wa Kaloleni, alikuja kufanya kazi bandarini akiwa kijana akasilimu, na ijapokuwa jina la Kiislamu analo mtaa haujawahi kumwita ila Charo. Kazi yake Alhamisi ilikuwa kuyapasha matari moto. Ngozi ya mbuzi hapa kwetu hunywa unyevu wa bahari mchana kutwa. Usipoiotesha moto wa mkaa ikakaza, jioni inalia kama boksi la sabuni. Charo alikuwa akiwasha jiko pale dakani, mlangoni mwa ukumbi, wakati wa magharibi, akiyageuza moja moja, akiyapiga kidole na kuyasikiliza. Mejumaa akaniletea salamu zake: "Charo asema nikwambie yeye haendi tena. Wamemwambia jiko la mkaa lachafua sakafu. Sasa wayapasha kwenye stovu ya gesi."

"Ya gesi," nikasema.

"Ndivyo alivyonambia. Amesema na wewe utajua maana yake."

Nilijua. Usiku ule sikulala vizuri.

Nilitoka eda siku ya Jumanne. Wanawake walikuja, nikaogeshwa, nikavishwa nguo mpya, nikafukizwa udi, tukasoma, tukala. Hind alilia tena. Walipoondoka nikamwambia, "Alhamisi nataka mikeka ya ukumbini ianikwe."

Akanitazama kama mtu aliyejua kwamba siku hii ingefika. "Mama, wacha. Watu wameshazoea kule. Twaweza kusoma hapa mara moja kwa mwaka, siku aliyofariki baba. Hata Sheikhan mwenyewe alisema angependa."

"Alisema lini?"

"Alimwambia mume wangu."

"Kwa hivyo kila mtu ameambiwa ila mimi."

"Mama, wataka mtaa utuone vipi?"

"Wamenificha ndani kwa jina la heshima, Hind, wakanichukulia nyumbani kwangu kitu ambacho babako alikililia. Wewe waniuliza mtaa utatuona vipi. Muulize Sheikhan mtaa utamwona vipi."

Alhamisi, baada ya sala ya Alasiri, nikavaa buibui, nikamgongea Mejumaa. "Twende nikachukue vitu vyangu."

"Nani mwengine yuwaja?"

"Mimi na wewe."

"Subiri nivae viatu vya kugombea," akasema, na kweli akarudi akabadilisha ndara.

Nyumbani kwa Sheikhan tulipokewa na mkewe, Najla. Simlaumu Najla. Alitukaribisha sana, alitutandikia, akaleta kahawa na kaimati za moto, akaniuliza afya, akaniombea subira. Mimi nilikuwa nimekuja na maneno yangu yamejipanga mdomoni, na mbele ya kaimati hizo sikuweza kuyatoa. Hivyo ndivyo tulivyolelewa. Mtu akikupa kikombe, lazima unywe kwanza.

Nikanywa. Kisha nikainua macho ukutani.

Pembeni mwa televisheni, juu ya kitambaa cha kijani, lilitundikwa tari la Zein. Hilo si la kuuliza. Ubao wake ni wa mfenesi, aliuchonga mwenyewe, na ngozi aliiwamba mwenyewe mwaka aliozaliwa Hind. Katikati ya ngozi palikuwa na ufa mrefu, umekaushwa na moto mkali ukapasuka, na ufa huo umebandikwa plasta nyeupe, ile ya kubandikia kidonda.

"Lile lilipasuka kidogo," Najla akasema, aliponiona ninatazama. "Vijana hawa na gesi yao. Nikaona si neno, nilitundike. Lapendeza pale, sivyo? Juzi wageni kutoka Malindi waliniuliza tumelinunua wapi."

Mejumaa akaweka kikombe chake chini polepole.

"Ukawajibu nini?" nikauliza.

"Nilisema la zamani."

"La zamani la nani?"

Nadhani hapo ndipo Najla alipofahamu tumekuja kwa lipi. Akaanza kukunja upindo wa kanga yake. "Mama, Sheikhan yuko dukani. Hebu mngoje aje—"

"Sikumfuata Sheikhan. Nimefuata matari yangu, na chetezo changu, na mirashi yangu. Viliazimwa wakati nina eda. Nimetoka."

"Lakini leo ni Alhamisi."

"Najua leo ni nini."

"Watu watakuja. Kuna hata wenye kaseti. Mtaa wote sasa wamjua Sheikhan, mama, hadi Malindi kaseti zafika."

"Zafika Malindi," Mejumaa akasema, "na matari hayajui kurudi kichochoro cha pili."

Najla akainuka akaenda kuvitoa. Matari yalikuwa chini ya kitanda cha wageni, yamerundikwa na viatu. Mimi mwenyewe nikalitoa lile la ukutani. Nilipoibandua ile plasta, ngozi ilikuja nayo kidogo, nikaacha.

Tulikuwa wawili na vitu vilikuwa vingi. Mejumaa akavua kanga yake ya juu, tukafunga matari manne ndani, akajitwika kichwani. Mimi nikajitwika yaliyobaki, nikabeba chetezo na mirashi mkononi, na tari la Zein nikalikumbatia kifuani. Tukatoka hivyo mchana kweupe. Wanaume walikuwa wamejaa barazani wakinywa kahawa ya jioni. Kila tulipopita maneno yalikatika, na vibati vya matari vikilia vichwani mwetu kwa kila hatua.

"Bi Mejumaa, harusi ya nani?" mmoja akauliza.

"Yako, ukipata anayekutaka," akajibu, bila kugeuza shingo.

Sheikhan alikuja kabla ya magharibi. Nilikuwa nimefungua mlango wa ukumbi, mikeka imeshatandikwa, nami nimesimama ndani nyuma ya ubao mmoja wa mlango uliofungwa nusu. Yeye alisimama njiani na kanzu yake nyeupe. Alinisalimu kwa adabu, akaniombea dua ya kutoka eda salama, akamwombea Zein pepo. Nikaitikia yote. Kisha nikangoja.

"Mama," akasema, "ungeniita tu. Ningeleta mwenyewe. Haya ya kubeba vichwani, watu wamecheka."

"Waliocheka hawakunicheka mimi."

"Mimi nilihamisha maulidi kwa ajili yako."

"Najua. Ulihamisha kwa ajili yangu, na mimi nimetoka. Sasa uliyabakisha kwako kwa ajili ya nani?"

Akapangusa jasho chini ya kofia.

"Watu wamezoea kule, mama. Pana nafasi. Pana umeme mzuri. Vijana waja. Zamani hapa walikuwa wazee tu na Charo."

"Na Zein."

"Na mwalimu. Mungu amrehemu. Mimi sikumsahau mwalimu. Kila Alhamisi namtaja kwenye dua."

"Alikushika mkono humu humu ukumbini," nikasema. "Alikwambia Alhamisi isitoke nyumba hii. Ukasema inshallah. Mimi nilikuwa hapo ngazini."

Sheikhan hakujua kwamba nilisikia. Niliona alivyobadilika uso. Lakini mtu akishazoea kutazamwa na kamera hakubali haraka. Akasema, na sauti yake safari hii haikuwa na sukari, "Haya. Matari ni yako. Lakini msomaji ni mimi. Wakija kwako leo, nani atawasomea?"

"Na wakija kwako, watakuta nini?"

"Watakuta kinanda."

"Basi mswalie Mtume na kinanda chako. Magharibi imefika."

Nikafunga ubao wa mlango. Alikuwa amesema kweli na ndiyo iliyonichoma. Msomaji sikuwa naye.

Charo alikuja na mkaa wake ndani ya karai, akawasha jiko dakani. Alilichukua tari la Zein, akapitisha kidole gumba kwenye ule ufa, akanirudishia chini ya pazia. Aliyapasha mengine yote. Hilo hakuliweka motoni.

"Umewaambia wazee?" nikamuuliza kutoka nyuma ya pazia.

"Nimewaambia msikitini, mama. Nimesema matari yamerudi kwa Bi Tumu."

"Wakasemaje?"

"Walitazama viatu vyao."

Baada ya Isha wakaja. Hawakuja kwa pamoja. Walikuja mmoja mmoja kama watu wanaopita tu, wale wazee wa zamani, wakavua viatu, wakakaa safu zao zile zile bila kuambizana. Pale chini ya dirisha, mahali pa Zein, wakapaacha wazi. Matari wakayaweka magotini. Ubani ukawaka. Kisha hakuna aliyefungua kinywa. Kila mmoja alimtazama mwenzake, na mimi juu ya kipago changu nilisikia mkaa ukilia kwenye chetezo. Mzee mmoja akakohoa. Mwengine akasema taratibu, "Labda tulete Fatiha tu, tuondoke."

Nilitaka kuinuka nikawaambie waende. Hasira ilinipanda hadi machoni. Hasira juu ya Sheikhan, juu yao hawa waliokula biriani wakanyamaza, juu yangu niliyesema alhamdulillahi na kila aliyekuja.

Hapo spika zikafunguka.

Sheikhan alianza kusoma darini kwake, na sauti ikaja juu ya mapaa ikaingia kwa dirisha la ukumbi wangu kama aliyekaribishwa. Alisoma vizuri. Siwezi kusema uongo hata kwa hasira. Alisoma kama Zein alivyomfunza, taratibu, na alipofika pale penye jina la Mtume akanyamaza, kama inavyopasa, aitikiwe.

Kule darini kwake kulikuwa na vijana waliokuja kwa kinanda. Spika zikatupa kila kitu: mtu akitafuna, kiti kikikwaruza sakafu, mtoto akicheka. Hakuna aliyeitikia. Mtaa wote wa Kuze ulisikia Sheikhan akingoja.

Na hapa ukumbini kwangu, wazee wakaitikia. Wote kwa mara moja, kwa sauti nzito ile ya miaka yote, na matari yakaanguka juu ya neno la mwisho kama yanavyopaswa.

Nikasimama. "Charo," nikasema nyuma ya pazia, "mnamwitikia yeye?"

"Hapana, mama," Charo akajibu, bila kugeuka. "Ametajwa Mtume. Mtu akisikia atakaaje kimya?"

Ningekuwa peke yangu jikoni ningeitikia pia. Kwa kweli nilikuwa nimeshaitikia. Midomo yangu ilikuwa bado inakwenda.

Sheikhan aliposikia, alikatika katikati ya neno. Madirisha ya mtaa yalikuwa wazi, na matari yetu yalifika darini kwake bila spika. Akasoma tena mstari mmoja, sauti haikuwa ile. Akanyamaza. Tukaitikia. Akasoma. Tukaitikia. Ikawa hivyo, msomaji nyumba ile na jamaa nyumba hii, na kichochoro kati yao. Mejumaa ananiambia watu walitoka barazani wakasimama katikati wakigeuza vichwa huku na huku. Kinanda kilijaribu mara moja. Kililia kidogo, kikazimwa.

Kisha spika zikanyamaza kabisa. Wazee wakangoja. Nami nikangoja, nimeshika pazia.

"Hodi," ikasemwa mlangoni.

Wazee wakaniachia mimi nijibu.

"Nani?" nikauliza.

"Mimi, mama. Sheikhan."

"Umekuja kuchukua au kusoma?"

"Kusoma."

"Kamera iko wapi?"

"Nimeiacha."

"Na Alhamisi ijayo?"

Nilisikia viatu vyake vikisogea kizingitini.

"Hapa," akasema. "Alhamisi ni hapa."

"Vua viatu uingie."

Akaingia. Kabla hajafika kwenye mkeka, nikalipitisha tari la Zein chini ya pazia, nikamwambia Charo, "Kuna msumari ukuta ule wa pili. Litundike." Ni ukuta unaoelekea dirisha. Aliyekaa mahali pa Zein hawezi kuinua macho kutoka kitabuni bila kuliona, na ule ufa wake, na ile plasta iliyobaki ngozini.

Charo akatundika. Sheikhan akalitazama. Akakaa chini ya dirisha, akafungua kitabu, akaanza mlango wa kwanza tangu mwanzo, na tukasoma milango yote hadi kiyamu. Nilisimama nami ngazini, marashi yakapitishwa chini ya pazia, nikajipaka.

Tangu hapo Sheikhan na wazee hawajakosa Alhamisi. Vijana wengine wamekuja nyuma yao, wachache, wamejifunza kuitikia. Najla huniletea kaimati, nami nazila. Mtaa husema tumepatana, na nikiulizwa sibishi.

Ila kila wiki, anapozima jiko lake, Charo huja chini ya ngazi akaniuliza, "Mama, ngozi ninayo, imekauka vizuri. Niliwambe lile la mwalimu?"

Nami humjibu, "Bado."